Namna 960 za kupanga sataranji

Bandugu, kuna mchezo mmoja wa sataranji (ile tunaita échecs) ambao ulizaliwa ju ya uchovu wa kukariri.

Mwaka 1927, kule Buenos Aires, bingwa wa dunia José Raúl Capablanca wa Cuba alilinda taji lake mbele ya Alexander Alekhine. Walicheza mara 34, na mara 25 ikawa sare. Karibu kila mara walianza kwa njia ile ile, gambi ya malkia. Capablanca akapoteza taji.

Katika miaka ile ya 1920 Capablanca alikuwa na hofu kwamba wakubwa wanajua mingi mno, sare zitaua mchezo. Dawa yake: ubao wa nafasi 80 badala ya 64, na kila upande upate vipande viwili vipya, kimoja kinatembea kama mnara na farasi pamoja, kingine kama fou na farasi. Wazo zuri, lakini nani atakwenda kuchongesha ubao mwingine? Wachache tu walifuata.

Juni 1996, mu mji ule ule wa Buenos Aires, Mmarekani Bobby Fischer akatangaza yake. Fischer alikuwa mtu wa chuki nyingi kinywani, tusimpambe. Lakini hapa aliona mbali: hakuongeza kitu hata kimoja. Mapioni yanabaki pale pale. Safu ya nyuma tu njo inapigiwa kura, na upande wa pili unapangwa vilevile, kama kioo. Masharti ni mawili: ma-fou wasimame kwenye rangi tofauti, na mfalme awe kati ya minara yake, ju roki iwezekane.

Tuhesabu. Fou wa rangi nyeupe ana nafasi 4, wa nyeusi 4, hiyo ni 16. Malkia anabakiwa na 6. Farasi wawili kwenye nafasi 5: namna 10. Tatu za mwisho hazina ubishi: mnara, mfalme, mnara. 16 mara 6 mara 10, ni 960.

Roki njo inachanganya wageni. Popote walipoanzia, mfalme na mnara wanamalizia pale roki ya kawaida inamalizia. Kumbe kuna siku mfalme hatembei kabisa, mnara tu unahama!

Kuna wenye kusema hii ni kutupa elimu ya vizazi. Mimi nakubali nusu tu. Ile elimu ya hatua 20 za kwanza, watu wanaikariri sawa vile tunakariri syllabus usiku wa mtihani, na inasaidia zaidi mwenye kocha na kompyuta kali. Hapa wote wawili wanaanza kufikiri toka hatua ya kwanza. Kweli, mipangilio mingine inampendelea mweupe kuliko mingine. Njo maana mashindano mengi yanawafanya wabadilishane rangi kwenye mpangilio ule ule.

Mwaka 2019 FIDE ikafanya ubingwa wa dunia wa kwanza wa aina hii. Fainali ilikuwa Norway, nyumbani kwa Magnus Carlsen, mfalme wa sataranji ya kawaida. Wesley So, mzaliwa wa Ufilipino, akamchapa 13.5 kwa 2.5.

Ule mpangilio wetu wa kila siku nao umo mu zile 960. Uko na namba 518.