Kuhama Kundi, Kubaki na Wenzi: Askari wa Arua na Koboko, 1979–2002

Katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, Terence Ranger alionyesha kwamba vyama kama Marini na Arinoti, ambavyo askari nao walivisambaza, vilikuwa vya kusaidiana licha ya ushindani wao. Je, mwanachama aliifia bendi au wenzake? Swali hilo ni zito zaidi Arua na Koboko, ambako waliohama makundi hawakuwa wacheza ngoma bali watu wenye bunduki.

Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, wanajeshi wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Oktoba 1980 walirudi, wakateka Koboko, kisha Arua. Punde wakagawanyika: FUNA upande mmoja, UNRF ya Moses Ali upande wa pili, na risasi zikalia baina yao. Miaka ya 1990 likaja WNBF la Juma Oris, na humo likachipuka UNRF II.

Majina ni mengi. Watu, kwa sehemu kubwa, ni walewale. Walikuwa wamelala kambi moja, wakaamrishwa kwa Kiswahili kimoja. Wengi waliswali safu moja, na baadhi walikuwa wakwe. Kumwita mhamaji msaliti ni kusoma bango bila kumtazama aliyelishika. Vivyo hivyo, mpango wa kuwarejesha uraiani unaohesabu makundi pekee huweza kumkuta mtu mmoja chini ya majina matatu.

Tarehe 24 Desemba 2002, huko Yumbe, UNRF II ilitia saini mapatano na serikali.