Sister Rosetta Tharpe: Mwanamke wa kanisani aliyeitangulia roki

Wapenzi wa muziki wa roki wanapoulizwa ni nani walioasisi muziki huo, aghalabu huwataja Elvis Presley, Chuck Berry au Little Richard. Ni wachache wanaomkumbuka mwanamke mmoja mweusi, mwimbaji wa nyimbo za injili, aliyekuwa akipiga gitaa la umeme mbele ya maelfu ya watu wakati Elvis angali mwanafunzi wa shule.

Sister Rosetta Tharpe alizaliwa tarehe 20 Machi mwaka 1915 katika mji mdogo wa Cotton Plant, jimboni Arkansas, kusini mwa Marekani. Mama yake, Katie Bell Nubin, alikuwa mwinjilisti aliyeimba na kupiga mandolini. Kanisa lao, Church of God in Christ, lilikuwa la Kipentekoste, na tofauti na makanisa mengi ya wakati huo halikuona haya kuingiza ngoma, matari na magitaa katika ibada. Rosetta alipiga gitaa tangu utotoni, na watu walifurika kumtazama mtoto huyo wa ajabu.

Mama na binti walihamia Chicago, wakajiunga na kanisa la Mtaa wa 40. Ni kanisa lile lile ambalo mwaka 1955 lilijulikana ulimwenguni kwa mazishi ya kijana Emmett Till, aliyeuawa na wazungu huko Mississippi.

Mwaka 1934 Rosetta aliolewa na mhubiri aliyeitwa Thomas Thorpe. Ndoa haikudumu, lakini jina, likiwa limebadilishwa herufi moja, alibaki nalo maisha yake yote.

Baina ya madhabahu na kilabu

Mtihani mkubwa ulimfika mwaka 1938. Katika mwaka huo alianza kutumbuiza katika Cotton Club ya New York, kilabu cha usiku ambamo wasanii walikuwa weusi na wateja wakiwa wazungu matajiri. Mwezi Oktoba akarekodi nyimbo zake za kwanza na kampuni ya Decca, ukiwemo Rock Me. Mwezi Disemba akapanda jukwaa la Carnegie Hall.

Wimbo wa Rock Me ulitokana na utenzi wa Thomas Dorsey, mtunzi mashuhuri wa nyimbo za injili. Kanisani, aliyeombwa kumpokea na kumtuliza mwimbaji alikuwa Mungu. Kilabuni, penye pombe na wacheza dansi, maneno yayo hayo yalichukua maana nyingine, na Rosetta hakufanya lolote kuwazuia watu wasiifahamu hivyo. Waumini wengi walihisi wamesalitiwa. Hali ilizidi kuwa mbaya alipojiunga na bendi ya Lucky Millinder na kuimba hata nyimbo za kidunia kabisa.

Je, alikuwa ameiacha imani? Vitendo vyake havionyeshi hivyo. Katikati ya miaka ya 40 alirejea kwenye injili, lakini gitaa alilorudi nalo halikuwa tena lile la utotoni. Wimbo wake Strange Things Happening Every Day, uliorekodiwa mwaka 1944 pamoja na mpiga piano Sammy Price, ulifika nafasi ya pili mwaka uliofuata katika orodha ya jarida la Billboard ya muziki wa watu weusi. Halikuwa jambo la kawaida kwa wimbo wa dini. Wako wanahistoria wanaouhesabu miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za roki.

Mwaka 1947, mjini Macon, Georgia, alimsikia kijana mmoja aliyekuwa akiuza soda ukumbini akiimba nyimbo zake. Akamwita jukwaani, na baada ya onyesho akamlipa. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuitwa Little Richard.

Maisha ya safari hayakuwa mepesi. Katika majimbo ya kusini hoteli nyingi hazikupokea watu weusi, kwa hiyo msanii aliyejaza kumbi usiku alilazimika kulala ndani ya basi.

Harusi uwanjani

Tarehe 3 Julai mwaka 1951 Rosetta alifunga ndoa na meneja wake, Russell Morrison, katikati ya uwanja wa besiboli wa Griffith, mjini Washington. Watu wapatao 20,000, na wengine husema zaidi, walilipa kiingilio. Inasimuliwa kwamba mkataba wa tamasha ulitiwa saini kabla bwana harusi hajapatikana! Baada ya kiapo bibi harusi alichukua gitaa lake na kupiga. Decca ikairekodi sherehe yote na kuiuza.

Kisha vijana wa kizungu wakaupokea mtindo ule, na soko la Marekani likamsahau. Ulaya ndiyo iliyomwinua tena. Mwaka 1957 alizunguka Uingereza pamoja na bendi ya Chris Barber, na tarehe 7 Mei mwaka 1964 alifanya onyesho ambalo hadi leo ndilo linalotazamwa zaidi.

Televisheni ya Granada ilikuwa imeigeuza stesheni ya reli isiyotumika mjini Manchester kuwa jukwaa. Watazamaji waliketi upande mmoja wa njia ya reli, wanamuziki upande wa pili. Mvua ilikuwa imenyesha. Rosetta, mwenye umri wa miaka 49, alifika kwa gari la kukokotwa na farasi, akiwa amevaa koti zito, akavaa gitaa lake jeupe la umeme na kuanza na Didn't It Rain, wimbo unaohusu gharika ya Nuhu. Alipofika sehemu ya gitaa peke yake hakuinama kutazama vidole vyake, aliwatazama watu. Wasanii kama Muddy Waters walikuwepo siku hiyo, lakini anayekumbukwa ni yeye.

Mwaka 1970 alipatwa na kiharusi akiwa ziarani Ulaya. Baadaye alikatwa mguu kutokana na kisukari, lakini aliendelea kuimba. Alifariki dunia tarehe 9 Oktoba mwaka 1973 mjini Philadelphia, na kwa zaidi ya miaka 30 kaburi lake halikuwa na jiwe la jina. Jiwe liliwekwa baada ya tamasha la kuchangisha fedha lililofanyika mwaka 2008.

Ukumbi wa heshima wa roki nchini Marekani ulimwingiza katika orodha yake mwaka 2018. Little Richard, yule muuza soda wa Macon, alikuwa ameingizwa mwaka 1986, katika kundi la kwanza kabisa.