Kesi za Mipaka za Ruring'u

Mkazi wa Witeithie, karibu na Thika, anayegombania shamba leo anaweza kupeleka kesi mjini humo, kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, akiwa na wakili na ramani ya mpimaji. Waliotangulia huko Nyeri walikuwa na Ruring'u, korti ya Waafrika iliyojengwa mwaka 1924, ambayo siku hizi ni Makumbusho ya Nyeri. Wageni huingia humo wakitafuta habari za Mau Mau, na si ajabu, kwani ni hapo Ruring'u, uwanjani, wapiganaji walipojitokeza kutoka msituni Desemba 1963. Hata hivyo, naona habari za vita zimeifunika kazi hasa ya jengo hilo, nayo ilikuwa kuamua nani ana haki ya kulima wapi.

Katika korti za aina hiyo wazee waliketi mbele na karani wao, na mdai na mdaiwa wakajisemea wenyewe kwa Kikuyu, maana sheria ya mwaka 1930 iliwafungia mawakili mlango. Kesi ya shamba ilitegemea kumbukumbu: nani alipanda itoka, yale maua ya mpakani, na nani alishuhudia mbuzi wakitolewa kulipia shamba. Atasema mtu kwamba hizo zilikuwa korti za mkoloni, wazee wakikubaliwa na serikali na rufaa ikienda kwa DC. Ni kweli, na sizitetei. Lakini kama zingekuwa za kumtii mkoloni tu, serikali isingekuwa na haja ya kuzinyamazisha. Mwaka 1957, mashamba ya Kikuyuni yakiunganishwa na kupimwa huku maelfu ya wanaume wakiwa kizuizini, ilipitishwa sheria ya kusimamisha kesi za ardhi katika korti za Waafrika. Aliyetoka kizuizini Manyani akakuta shamba lake limeandikwa jina la mwingine alipelekea wapi malalamiko? Sheria ya usajili ya mwaka 1959 nayo ikaja kuikinga hati ya kwanza.

Kwa hiyo korti hizo zilipofutwa mwaka 1967, mahakama zikawa za mfumo mmoja kwa wananchi wote, kazi yao kubwa ilikuwa imeshachukuliwa miaka kumi nyuma. Wengine watahofu kwamba kusimulia hayo kutafukua ugomvi wa ndugu. Huenda. Ila ugomvi huo ndio uliojaza ukumbi ule, na kumbukumbu za wapiganaji hazipungukiwi kitu kesi za mashamba yao zikiwekwa kando yake.