Risasi kwenye sola: ilipotoka na inapoelekea

Dagaa wa ziwa letu walivuliwa miaka mingi kwa karabai za mafuta ya taa, kabla ya taa za sola. Moshi ukaondoka, ila sumu ikaingia na betri: risasi. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaathiri hadi watoto, kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Paneli za silikoni tunazouziwa zina risasi kidogo tu, kwenye lehemu. Lakini mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake, Japani, walionyesha seli za perovskaiti. Utengenezaji wake hauhitaji moto mkali, ila zina risasi inayoweza kuyeyuka mvua ikiingia kwenye ufa. Tangu 2014 watafiti, wakiwemo wa Oxford, wamejaribu kuweka bati badala yake, madini kama ya Kyerwa (si mabati ya kuezekea!). Tatizo, bati hilo likikutana na hewa huharibika upesi.

Kwa leo, betri iliyokufa usiipasue, wala maji yake usimwage ziwani. Iuze ikiwa nzima.