Waliokwenda Asia Wakarudi

Mtu wa Likasi akitaja Koni, mara nyingi anazungumzia umeme. Koni iko kwenye mto Lufira, chini ya Mwadingusha. Mwadingusha ilianza kufua umeme mwaka 1930, enzi hizo ikiitwa Francqui, na Koni ikafuata mwaka 1950. Nyaya zikavutwa hadi kwenye viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière, Likasi ikiwa bado inaitwa Jadotville, na maji yale yakapewa kazi ya kusaidia kusafisha mawe ya Katanga ili yapelekwe mbali. Siku hizi mbali ni Asia, na zaidi China. Shaba na kobalti hupita mpaka wa Kasumbalesa juu ya malori, hufika Dar es Salaam au Durban, hupanda meli, basi. Zikirudi, zinarudi dukani kama simu na betri, kwa bei ya mwenye duka.

Watu hawako hivyo. Wapo Waafrika wa huku kwetu waliokwenda Asia na kurudi kwa miguu yao, tena tangu zamani sana. Leo kijana wa Ulaya hufunga begi mgongoni, akazunguka India na Thailand mwaka mzima kwa raha zake, na akirudi anaandika kitabu. Wa kwetu wengi walikwenda kwa kuuzwa, kufukuzwa, kuajiriwa au kuandikishwa jeshini. Waliporudi walitafutwa haraka kwa sababu ya lugha na ufundi waliokuja nao. Aliyewauliza waliona nini ni nadra, na hapo ndipo tulipopata hasara kubwa.

Pwani, kwenda Asia na kurudi kulikuwa jambo la majira. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi ikayarudisha. Nahodha wa Lamu au Unguja hakuona kurudi kwake kuwa habari ya kusimuliwa. Alishusha mzigo, akalipa madeni, akangoja upepo mwingine. Kwa hiyo karne nyingi za safari hizo zimetuachia vyungu na sarafu nyingi kuliko maneno.

Aliyerudi akiwa na uwezo wa kufanya alichokiona ni Sayyid Barghash. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua ndugu yake, Sultani Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay, mji tunaouita Mumbai siku hizi, akarejea mwaka 1861. Aliitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, na Unguja ya zama zake ina alama ya mtu aliyewahi kuishi katika mji mkubwa wa India: maji ya bomba kutoka Chemchem, mashine ya kuchapa, na jumba la Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Mtalii anayepiga picha jumba lile anapiga picha matunda ya uhamisho.

Sasa mtazame mwingine aliyerudi kutoka nchi ileile bila jumba wala ndugu. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa hadi Gujarat na kuishi huko miaka mingi. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Zanzibar na kuingia katika jeshi la Sultani. Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walimkuta kwenye ngome karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha, ila alijua Kihindustani cha jeshi la India, na Bombay alikijua pia. Hebu tafakari mambo yalivyokwenda: Mwingereza anataka maji, chakula na njia ya kwenda ziwani, anasema kwa Kihindustani, Bombay anageuza kwa Kiswahili, mwingine anageuza kwa lugha ya wenyeji, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Februari 1858 wakafika Ujiji. Vitabu vya shule vimesema wazungu wawili waliliona Ziwa Tanganyika, kana kwamba waliongozwa na ndoto.

Bombay hakuishia hapo. Alikwenda tena na Speke na Grant hadi Ziwa Nyanza na mto Nile, mwaka 1871 akawa na mwanahabari Stanley alipomtafuta mmisionari Livingstone, na mwaka 1873 akaondoka na Mwingereza Cameron. Safari hii ya mwisho inatuhusu sisi wa Katanga. Kutoka Nyangwe waligeuka kusini, wakaingia nchi ya Waluba kwa mfalme Kasongo Kalombo, wakakaa huko miezi kadhaa, kisha wakaendelea magharibi hadi pwani ya Angola mwishoni mwa 1875. Kwa hiyo miaka mingi kabla ya reli, kabla ya Union Minière, kabla hata bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji haijapandishwa Bunkeya, alipita kaskazini mwa Katanga mtu mweusi aliyekulia Gujarat. Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London kilimpa nishani ya fedha na pensheni. Alifariki mwaka 1885. Tunayajua maisha yake kwa sababu Speke aliyaandika. Lakini Gujarat yenyewe, soko lake, chakula chake, alivyojisikia siku aliyoiona tena pwani ya Afrika, Speke aligusia tu, maana hakuja kwa ajili hiyo.

Karibu na Mumbai palikuwa na shule nyingine ya kurudi. Wamisionari wa Kianglikana walifungua makazi huko Nasik kwa watoto wa Kiafrika walionasuliwa kutoka majahazi ya watumwa. Walifundishwa useremala, uhunzi, kusoma na kuandika. Livingstone aliwachukua vijana wa Nasik alipoanza safari yake ya mwisho mwaka 1866. Katika msafara huo alikuwamo pia Chuma, aliyesoma Mumbai, na Susi, aliyewahi kufanya kazi kwenye gati za huko. Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo mwaka 1873, upande wa Zambia ya leo, si mbali na mpaka wa Haut-Katanga. Jacob Wainwright, msomi wa Nasik, ndiye aliyesoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti. Wakakausha maiti, wakaibeba miezi kadhaa, Februari 1874 wakaifikisha Bagamoyo. Aprili mwaka huo Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey. Huyu angalau aliandika shajara yake, ila kwa Kiingereza. Wenzake waliotoka Nasik walikuwa tayari Rabai wakifundisha, na kuanzia 1875 wakawa nguzo za Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru huko Mombasa, ambako kengele yao imeacha jina la Kengeleni.

Aliyeandika kwa Kiswahili ni Selim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani Bumiller kupitia Urusi na Siberia hadi Turkestan, na simulizi yake ikatoka mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Kwa maoni yangu maandishi haya yanastahili kusomwa darasani pamoja na tawasifu ya Tippu Tip. Ni Mswahili anayeutazama ugeni kwa jicho lake mwenyewe, anapima baridi, mavazi, vyakula na ibada za watu kwa vipimo vya nyumbani, na wenyeji nao wanamkodolea macho. Mzungu ndiye aliyelipa nauli, lakini katika maandishi msafiri ni Selim.

Kisha vita. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, ikawasukuma Wajapani hadi mto Chindwin. Kongo nayo ilikuwako: hospitali ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, iliyokwishapita Madagaska, ilihudumia majeruhi huko, wauguzi na wabeba machela wakiwa Wakongomani. Mmoja wa waliofika Burma, Koplo Albert Kunyuku, alivishwa nishani na Mfalme Philippe wa Ubelgiji mjini Kinshasa Juni 2022, akiwa na umri wa miaka 100. Hesabu mwenyewe nishani ile ilichelewa miaka mingapi.

Wakati askari hao wakiwa Asia, jiwe kutoka jirani na Likasi lilikuwa nalo njiani kuelekea huko. Urani ya mgodi wa Shinkolobwe ilikuwa imepelekwa New York mwaka 1940, zaidi ya tani 1,000, na sehemu yake ikaingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji hawakuambiwa walichokuwa wakichimba.

Kurudi kwa wanajeshi hawa hakukuwa kimya kila mahali. Waruhiu Itote wa Kenya alirudi kutoka Burma, akafanya kazi ya kuchochea moto kwenye garimoshi, halafu akaingia msituni na kuwa Jenerali China wa Mau Mau. Mwaka 1967 alichapisha kumbukumbu zake, na humo anaeleza jinsi mazungumzo na askari wengine huko Asia yalivyomfungua macho. Asia nayo imewahi kutujia na bunduki: Januari 1963 askari wa India chini ya Umoja wa Mataifa walivuka Lufira na kuingia Jadotville, na utengano wa Katanga ukaisha mwezi huohuo.

Leo njia ni ya ndege. Wafanyabiashara wa Lubumbashi na Likasi wanaijua Dubai, wanaijua Guangzhou na Yiwu. Wanafunzi wetu wamesoma vyuo vya China. Mmoja wao akirudi, familia inamwuliza, "Ulituletea nini?", nguo na simu zinagawanywa, na baada ya wiki mazungumzo yamekwisha. Anayejua Kichina huitwa mgodini, asimame kati ya msimamizi Mchina na wafanyakazi, afanye kazi ileile aliyoifanya Bombay mbele ya Speke. Analipwa kwa ulimi. Wapo pia waliorudi na jeraha: Aprili 2020, hofu ya korona ilipopanda, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa nje ya nyumba na hoteli, wakalala barabarani wakiwa na kodi mkononi. Waliorudi hao wote wamo mitaani kwetu, wana umri wa kukumbuka na nguvu ya kusema.

Walimu wa Likasi, wanahabari wa redio za mtaa, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi: anzeni na hao. Waulizeni walipanga chumba wapi, waliswali au walisali wapi, nani aliwadhulumu na nani aliwafadhili, na walipofika nyumbani walikuta nini. Yaandikeni kwa Kiswahili, wao wakiwa hai kuyasahihisha.