Sandton ilivyoshindwa na Mangi



Kila nikipita Sunninghill, hapa hapa Sandton ninakoishi, nikiona ofisi kuu za Massmart namkumbuka Mangi wa mtaani kwetu Kinondoni. Nitaeleza.

Massmart ndiyo yenye maduka ya Game. Game iliingia Mlimani City, Dar es Salaam, mwaka 2006, na Garden City, Nairobi, mwaka 2015. Katikati hapo, mwaka 2011, Walmart ya Marekani ikanunua asilimia 51 ya Massmart. Wengi tukadhani basi, wenye maduka madogo wamekwisha. Mimi mwenyewe nilimwambia mama kuwa siku za Mangi zinahesabika. Mama akacheka tu.

Mwaka 2021 Massmart ikatangaza kuachana na Game za Kenya, Uganda na Tanzania. Shoprite nayo ilishawauzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, na Kenya, ilikoingia 2018, haikumaliza hata miaka mitatu.

Wachumi watataja ushuru, kodi za pango na thamani ya shilingi. Sikatai. Lakini hivi, mteja wao alikuwa nani? Mama alinunua sukari robo na mafuta ya kupima, na mengine yakaandikwa kwenye daftari. Si kwamba hakujua hesabu. Hela iliingia kidogo kidogo, ikatoka vivyo hivyo, na Mangi aliijua tarehe ya mshahara wa baba kuliko sisi watoto. Duka la kiyoyozi lilimtaka mtu mwenye gari, friji, na fedha ya mwezi mzima mkononi.

Msiseme ni umaskini. Walmart hiyo hiyo iliingia Japani mwaka 2002 kupitia maduka ya Seiyu, na mwaka 2020 ikakubali kuuza sehemu kubwa ya hisa zake. Mjapani ana fedha, lakini nyumba yake ni ndogo, hununua kidogo mara kwa mara, anataka kibichi cha leo, na bei ya chini mno humtia shaka.

Kinachoniuma ni kwamba somo lilikuwa jirani. Ukivuka barabara ya M1 kutoka Sandton unaingia Alexandra, na huko spaza zinauza nusu mkate na sigara moja moja. Wakubwa hawakuhitaji kupanda ndege. Wangevuka barabara tu.

Nasi wasomi tulioliita duka la Mangi mabaki ya zamani, tulivuka lini?