Somo la Historia: Mkonge, Plastiki na Umeme

Leo tutasoma habari za vitu viwili vilivyoshindana: singa ya mkonge na uzi wa plastiki. Sikilizeni vizuri, maana mwisho yapo maswali.

Asafiriye kwa barabara kutoka Same kwenda Korogwe huuona mkonge pale Makanya. Upande wa pili wa Milima ya Upare liko shamba la Ndungu. Lakini mkonge si mmea wa asili ya nchi yetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Reli ya Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, nchi kavu ya Same ikapata njia ya kupeleka marobota pwani.

Mkonge ulistawi. Wakataji walikata majani, korona ikayakamua, singa zikaanikwa juani. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani 230,000 hivi za katani, ikawa ya kwanza duniani. Watu wengi sana walipata riziki yao hapo.

Kumbe mshindani alikwisha kuzaliwa. Mwaka 1954 Mwitaliano Giulio Natta alitengeneza plastiki iitwayo polipropilini, kutokana na gesi ya mafuta. Mwaka 1963 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Kamba za plastiki hiyo zilikuwa nyepesi, rahisi, wala hazikuoza. Bei ya katani ikaanguka. Yalikuwako mambo mengine pia, kama mashamba mengi kutaifishwa mwaka 1967, lakini pigo la plastiki lilikuwa zito. Kufika mwaka 2000 nchi ilikuwa ikitoa chini ya tani 30,000.

Je, plastiki ilikuwa na nguvu gani? Jibu lake ni maji. Vitu vingi vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo molekuli. Molekuli za singa huyapenda maji, huyavuta na kuyashika. Ndiyo maana kamba ya katani ikilowa huwa nzito, na baadaye huoza. Molekuli za polipropilini huyakataa maji.

Tabia hiyo hiyo huonekana katika umeme. Molekuli ya maji ina ncha mbili: moja ya chaji chanya, moja ya chaji hasi. Umeme ukiwa karibu, molekuli hugeuka kuuelekea, kama sindano ya dira. Wataalamu hupima jambo hilo kwa nambari. Mahali patupu, pasipo hata hewa, pana nambari 1. Maji yana 80 hivi. Polithini, plastiki iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933, ina 2 na kitu tu, kwa sababu molekuli zake hazina ncha za kugeuzwa. Kwa hiyo polithini ilifaa sana kuvikwa nyaya za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Basi, je, singa imekwisha kazi? Hapana. Siku hizi wataalamu huzichanganya singa ndani ya plastiki ili kuitia nguvu. Mwaka 2005, huko Bhopal, India, walitangaza vipimo vya umeme vya plastiki iliyotiwa singa za mkonge. Umeme ulipobadili mwelekeo kwa kasi zaidi, nambari ilishuka. Ni kama ngoma: ikipigwa haraka mno, wachezaji hushindwa kuifuata. Hivyo umeme huwaonyesha wataalamu jinsi molekuli zinavyocheza, ingawa jicho haliwezi kuziona.

Mwaka 2006 wataalamu wa Grenoble, Ufaransa, walikwenda mbali zaidi. Waliipasua singa hata wakapata vijiuzi vya unene wa nanometa chache. Nanometa ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Walivitia katika plastiki, wakaona vinaisaidia isilegee sana penye unyevu. Molekuli ya plastiki iliyoshikwa na kijiuzi ni kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: hujitikisa, lakini haendi mbali.

Hata hivyo, tusijidanganye. Singa bado inayapenda maji, na kitu chenye maji hakifai kuzuia umeme. Anayetaka kuitumia penye umeme hana budi kuikausha na kuifunika vema. Na sisi nyumbani tushike neno hili: waya wa umeme ukianguka, usiuguse kwa kamba wala kwa mti uliolowa. Kaa mbali, ukawaite mafundi.

Maji yaliyoipa plastiki ushindi ndiyo fumbo linalobaki. Likifumbuliwa, mkonge wa Makanya na Ndungu utapata kazi ambayo Hindorf hakuiota.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Miche mingapi ilifika hai mwaka 1893?
2. Kwa nini kamba ya katani huoza upesi kuliko ya plastiki?
3. Maji yana nambari 80, polithini ina 2 na kitu. Kipi kinafaa kuvikwa waya, na kwa nini?